Mcheza Kwao Hutunzwa: Mchezo wa Nyimbo wa Kamirithu

Katika nchi yetu ya Mara, tangu Musoma mpaka Bunda, na huku kwetu Buswahili na Butiama, ni shida kupata kijiji kisicho na kwaya. Penye kanisa pana waimbaji, na penye waimbaji, Krismasi na Pasaka zikifika, pana mchezo wa kuigiza wenye nyimbo ndani yake. Hili ni jambo jema, wala sitaki kulidharau. Lakini kila jambo jema lapaswa kupimwa, maana mkulima asiyepima mbegu zake hula njaa.

Pasaka moja nalialikwa katika mtaa mmoja, ambao sitautaja jina, kuona kwaya ikicheza habari ya shamba la mizabibu la Nabothi, kama ilivyoandikwa katika kitabu cha Wafalme wa Kwanza, mlango wa 21. Vijana walikuwa wamevaa vizuri, na sauti zao zilipatana. Ahabu akamtamani Nabothi shamba lake, Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake, Yezebeli akaandika barua zake za hila, mashahidi wa uongo wakasimama, na Nabothi akapigwa mawe. Hapo kinanda kikalia, na kwaya nzima ikajipanga kuimba. Naye Nabothi, aliyekuwa amelala chini maiti, akainuka, akajipangusa vumbi, akasimama katika mstari wa sauti ya nne, akaimba pamoja na waliomwua, huku wote wakipunga mikono kwa namna moja. Watu wakapiga makofi.

Nyuma yangu alikuwapo bibi mmoja mzee. Akaniuliza kwa sauti ndogo, “Mwalimu, huyu si amekwisha kufa?” Nikamjibu, “Bibi, amekufa, lakini sauti yake yahitajiwa katika wimbo.” Akanyamaza. Mchezo ulipokwisha, tukitoka mlangoni, akaniuliza tena, “Na lile shamba, mwalimu, lilirudi kwa watoto wake?” Sikuwa na jibu, na waliocheza hawakuwa nalo vilevile, kwa kuwa hawakuwa wamelifikiri. Walikuwa wamefikiri nyimbo zao na mavazi yao. Bibi yule peke yake ndiye aliyefikiri shamba.

Swali lake lilinikumbusha mchezo mwingine uliochezwa na wanakijiji wa nchi jirani, ambao watu wake waliofikiri shamba tangu mwanzo hata mwisho. Nataka leo niueleze na kuupima, uzuri wake na upungufu wake, ili tujifunze.

Mchezo huo kwa Kikikuyu huitwa *Ngaahika Ndeenda*, na kitabu chake cha Kiswahili, kilichotoka mwaka 1982, chaitwa *Nitaolewa Nikipenda*. Uliandikwa na Ngugi wa Thiong'o pamoja na Ngugi wa Mirii, ukachezwa mwaka 1977 katika kijiji cha Kamirithu, karibu na Limuru, nchi ya Kenya. Watu wa Kamirithu wengi wao walikuwa wakulima wa mashamba madogo, vibarua wa mashamba ya chai, na wafanya kazi wa viwandani. Jambo la kwanza walilolianza halikuwa mchezo, bali kisomo cha watu wazima. Darasa lao lilifunguliwa katikati ya mwaka 1976 na watu 55. Walipokwisha kujua kusoma wakauliza, Sasa tusome nini? Mchezo ule ulikuwa jibu la swali hilo.

Angalieni jinsi walivyofanya kazi. Walikuwa na kiwanja tu, kilichotengwa kwa ajili ya vijana, wala hapakuwa na jumba. Wakajenga uwanja wa michezo kwa mikono yao wenyewe, usio na dari, wenye jukwaa na mahali pa kukaa watu zaidi ya 2,000. Kabla ya kujenga, vijana walitengeneza mfano wake kwa njiti za kiberiti, wakautazama na kuusahihisha, kisha ndipo wakashika majembe na nyundo. Mazoezi yalianza mwezi wa Juni 1977, yakiongozwa na Kimani Gecau, nayo yalifanyika mahali pa wazi, kila mtu akiona. Mzee aliyepita njiani aliweza kusimama na kusema, “La, mzee hasemi hivyo mbele ya mkwewe,” nao wakabadili maneno. Siku za mazoezi zilikuwa Jumamosi na Jumapili, na Jumapili ilikuwa mchana, ili wanaokwenda kanisani asubuhi wasizuiliwe. Mchezo ulifunguliwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977.

Sasa na tuitazame hadithi yenyewe. Kuna mtu maskini jina lake Kiguunda, na mkewe Wangeci, na binti yao Gathoni. Kiguunda ni kibarua katika shamba la tajiri, na mali yake yote ni ekari moja na nusu, ambayo hati yake ameitundika ukutani nyumbani mwake. Tajiri wake ni Mkristo mkubwa, jina lake Ahabu Kioi, na mke wa tajiri huyo ni Yezebeli. Msomaji wa Biblia hahitaji kuambiwa zaidi. Waandishi wametwaa shamba la Nabothi wakalileta Limuru, wala hawakuficha walikolitoa.

Kioi na mkewe wamtembelea Kiguunda. Wazee hawa wadhani wamekuja kuposa, kwa kuwa mwana wa Kioi amekuwa akitembea na Gathoni. Kumbe wageni wamekuja kuwahimiza wafunge arusi kanisani, kwa kuwa ndoa yao ni ya kimila. Mwisho Kiguunda akubali. Lakini arusi ya namna ile yataka fedha, mavazi, keki, na nyumba iliyopambwa. Kioi amwonyesha njia ya benki, na hati ya ekari moja na nusu yawekwa rehani. Nyumba yajaa viti vipya, na ukutani sasa pametundikwa ubao wenye maneno ya dini. Kisha Gathoni apata mimba, na kijana wa Kioi amkana. Kiguunda akienda kudai haki, afukuzwa kwa bastola ya Yezebeli. Kazi yapotea, deni laiva, na shamba lapigwa mnada. Mnunuzi ni Kioi, ambaye yeye na washirika wake walikuwa wakitafuta mahali pa kujenga kiwanda cha dawa ya wadudu.

Katika mchezo huu wimbo si pambo. Hapa ndipo penye somo kubwa kwa kwaya zetu. Chukueni nyimbo za arusi ziitwazo Gitiiro. Hizi ni nyimbo za kale, ambazo upande wa bwana arusi na upande wa bibi arusi hujibizana, wakiombana na kupatana, mpaka mambo yamalizike. Kila ubeti hubadili hali ya mambo. Mwanzo wa wimbo pande mbili zilikuwa mbali, mwisho wake zimekaribiana. Maneno na sauti za Gitiiro ziliwafikia waandishi kwa kinywa cha mama mmoja wa kijiji asiyejua kusoma, aliyewatajia neno kwa neno. Chuo kikuu kilikaa chini, na yule mama akafundisha. Twasema penye wazee haliharibiki neno. Kamirithu walilitenda neno hilo.

Tena linganisheni arusi hiyo ya nyimbo na ile ya keki. Katika Gitiiro watu wote wana sehemu, na hakuna anayeingia deni. Katika arusi ya pili, Kiguunda na mkewe wajaribu mavazi ya kigeni na kufanya mazoezi ya kutembea ndani ya nyumba yao kama watoto wanaocheza, nasi twacheka, lakini kicheko chatukwama kooni kwa kuwa twajua hati iko wapi. Mtazamaji hakuambiwa kwa hotuba kwamba arusi moja ni bora kuliko nyingine. Amezisikia zote mbili kwa masikio yake, akapima mwenyewe. Hii ndiyo kazi ya wimbo katika mchezo, kuonyesha jambo ambalo maneno matupu yangelieleza kwa shida.

Kuna jambo jingine la akili. Jina la mchezo limetoka katika wimbo wa mlevi, apitaye karibu na nyumba akiimba upuuzi wake, na watu wakimfukuza. Katika upuuzi ule mna neno la kweli, kwamba mtu asiharakishwe katika ndoa na watu wenye faida yao. Wenyeji hawakumsikiliza kwa kuwa amelewa. Kuhani Eli naye alimdhania Hana amelewa, kumbe ndiye aliyekuwa akiomba kweli.

Najua wako wasomaji watakaosema, “Mwalimu, mchezo huu watukana Ukristo, wafaa nini kwetu?” Neno hili ni zito, nami sitalikwepa. Ni kweli kwamba katika mchezo huu wenye Biblia mkononi ni wanyang'anyi, na maskini wenye dini yao wameonyeshwa kama watu wanaolewa kwa nyimbo badala ya pombe. Lakini nauliza, aliyeandika habari ya Nabothi alikuwa adui wa Mungu? Katika habari ile mfungo ulitangazwa, watu wakakusanywa kwa jina la dini, na mashahidi wakamshtaki Nabothi kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Shamba liliibwa kwa njia ya ibada. Biblia yenyewe haikuficha jambo hilo. Kwa nini sisi tulifiche?

Hata hivyo, hapa ndipo nionapo upungufu wa kwanza wa mchezo. Katika Biblia, Ahabu alipokwenda kulitwaa shamba, alimkuta Eliya amesimama pale. Nabii alitoka kwa Mungu yule yule ambaye jina lake lilitumiwa kuiba. Katika mchezo wa Kamirithu, Eliya hayumo ndani ya kanisa. Yuko jirani mmoja, Gicaamba, mfanya kazi wa kiwandani, asemaye kweli nyingi, lakini asema akiwa nje, na kanisa lote limeachwa mikononi mwa Ahabu. Mimi, niliyeona wahubiri maskini wakisimama kuwatetea wajane mbele ya baraza la ardhi, nasema kwamba picha hiyo si kamili. Mchezo ungekuwa na nguvu zaidi kama ungemtia ndani Mkristo mmoja tu aliyeisoma Biblia yake mpaka mwisho wa mlango.

Upungufu wa pili u katika mwisho. Sehemu ya kwanza yatuachia sisi tupime. Sehemu ya mwisho yatupimia. Gicaamba aanza kuhutubu, na nyimbo za mwisho zawa mafundisho ya chama cha wafanya kazi. Jambo lenyewe laweza kuwa la haki, lakini wimbo uliokuwa ukienda kwa miguu yake sasa wabebwa. Hapo, kwa sababu nyingine, wafanana na kwaya ya Pasaka niliyoitaja: mchezo umesimama, watu wamejipanga mstari, wanatuimbia. Na Gathoni, binti aliyeharibiwa, ametupwa nje ya nyumba na kwenda kufanya kazi ya baa. Habari zake twaambiwa na wengine, naye hapewi nafasi ya kuimba msiba wake. Katika mchezo wenye nyimbo nyingi kama huu, kukosa wimbo wa Gathoni ni pengo.

Nimeyasema hayo kwa kuwa kitu kizuri ndicho kinachostahili kupimwa. Sasa sikieni yaliyowapata. Waswahili husema, mcheza kwao hutunzwa. Watu wa Kamirithu walicheza kwao, kwa lugha yao, juu ya jukwaa lao, na watu wakaja kwa mamia kutoka vijiji vya mbali. Tarehe 16 Novemba 1977, baada ya wiki sita na siku chache tu, serikali ya Kenya ikafuta kibali cha mchezo. Mwisho wa Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, akatolewa Desemba 1978. Wanakijiji hawakuacha. Mwaka 1982 walitayarisha mchezo mwingine wa nyimbo, *Maitu Njugira*, wakafungiwa milango ya Jumba la Michezo la Taifa la Nairobi. Na mwezi wa Machi mwaka huo polisi wakaja Kamirithu wakaubomoa ule uwanja uliotangulia kujengwa kwa njiti za kiberiti. Ngugi wa Thiong'o alikwenda kukaa ugenini, naye Ngugi wa Mirii vilevile. Mchezo ulirudi Nairobi mwezi wa Mei 2022, ukachezwa katika jumba lile lile la taifa. Ngugi wa Mirii hakuuona, kwani alikufa Zimbabwe mwaka 2008. Na Ngugi wa Thiong'o alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025.

Mwaka ule ule wa 1977 nchi ya Uganda ilipata msiba mkubwa zaidi. Byron Kawadwa, mtunzi wa mchezo wa nyimbo uitwao *Oluyimba lwa Wankoko*, aliupeleka Lagos kwenye tamasha kubwa la Waafrika. Aliporudi kwao alikamatwa na watu wa Idi Amin, akauawa. Basi msidhani kwamba michezo ya nyimbo ni kitu cha kupumzisha watoto. Wenye nguvu hawaogopi kitu kisicho na nguvu.

Na sisi Tanzania je? Hatukukosa shule za kazi hii. Mwaka 1962, mara baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni. Na yeye mwenyewe, mzaliwa wa Butiama yetu, alitafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, uliotoka mwaka 1963, kisha *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Alionyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba mchezo mzito. Mwaka 1981 kilifunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 chaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Vijana hujifunza huko ngoma, muziki, kuigiza na ufundi wa jukwaani. Jumba lake la michezo liliungua moto mwaka 2002, lakini chuo hakikufa, maana chuo ni watu.

Karibu nasi zaidi, katika kijiji cha Malya, wilaya ya Kwimba, Profesa Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji katika miaka ya 1982 na 1983. Hawakuleta mchezo uliokwisha kuandikwa. Waliwauliza watu shida zao, nao wakataja mimba za wasichana. Ndipo vijana wakatunga mchezo wao kwa ngoma na nyimbo za Kisukuma, na baada ya kuchezwa watu wakakaa kuzungumza nini kifanyike. Malya na Kamirithu hazikuwa na fedha nyingi. Zilikuwa na watu walioulizwa swali, wakapewa nafasi ya kujibu kwa wimbo.

Basi ndugu waalimu na viongozi wa kwaya, natoa mashauri machache. Kwanza, mazoezi yetu yafanyike mahali pa wazi, chini ya mwembe, wala si ndani ya jengo lililofungwa, ili wazee wapate kutusahihisha. Pili, tuwaendee akina bibi wenye nyimbo za arusi na za kulima pamoja, na wapigaji wa litungu wa Kikurya waliobaki, tuwaombe watufundishe. Maana hao wakifa, chuo chetu kimeungua, wala hakuna atakayekijenga tena. Tatu, kabla ya kuuingiza wimbo wowote katika mchezo tuulize, Je, wimbo huu ukiondolewa, hadithi itapungukiwa na nini? Kama haipungukiwi, wimbo huo tuuimbe katika ibada, mahali pake. Na maiti wetu akifa, na alale.

Neno la mwisho lahusu shamba. Siku hizi mkulima aweza kupata hati ya haki miliki ya kimila kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, na hati hiyo aweza kuiweka rehani ili akopeshwe. Ni msaada kwa mwenye hesabu, na ni mtego kwa asiye nayo. Tena iko mikopo ile midogo ambayo akina mama wenyewe wameibandika jina la “kausha damu”. Wangapi kati yetu wamekopa kwa ajili ya arusi, ili wageni waone keki? Mchezo wa Kamirithu ulichezwa mwaka 1977 mbali na hapa, lakini Kiguunda aweza kuwa jirani yako, na ukuta wenye alama ya mahali palipotundikwa hati waweza kuwa ukuta wa nyumba yako.

Nimekwisha kumweleza mwalimu wa kwaya ile swali la bibi yule. Alicheka kwanza kwa ajili ya maiti aliyefufuka kuimba. Kisha akanyamaza kwa ajili ya shamba. Akasema, “Mwaka ujao tutaucheza tena, na tutamwita bibi kwenye mazoezi.” Nami nitakwenda, nikae nyuma karibu naye, nisikie kama safari hii atapata jibu.